Kibanda kisichozuia mvua: wanafunzi wanapojenga sukka



Wengi wenu mmesoma katika Biblia habari za Sikukuu ya Vibanda. Iko katika Walawi sura ya 23, na tena katika Kumbukumbu la Torati sura ya 16. Lakini ukiuliza kibanda chenyewe kinajengwa namna gani, na ni nani anayekijenga siku hizi, si wengi wanaoweza kujibu. Katika ukurasa huu tunaeleza kazi hiyo, hasa jinsi inavyofanywa shuleni na wanafunzi. Tunaamini viongozi wa kambi, walimu na kamati za wazazi watapata ndani yake jambo la kuzungumzia.

Kibanda hicho Wayahudi wanakiita sukka. Sikukuu yao inaanza siku ya 15 ya mwezi wa Tishri, ambayo kwetu inaangukia Septemba au Oktoba. Siku tano kabla ni Siku ya Upatanisho, siku ya kufunga na kuombana msamaha. Desturi ni kwamba mtu akishafungua mfungo jioni ile, hata kabla ya kulala, anasimamisha walau nguzo ya kwanza. Kwa hiyo shule zina siku chache tu za kumaliza kazi. Kwa muda wa siku saba watu wanakula ndani ya kibanda, na penye hali nzuri ya hewa wengine wanalala humo. Sababu yake: wajukuu wasisahau kwamba babu zao walipotoka Misri hawakuwa na nyumba. Walikaa miaka 40 jangwani wakihama na kuhama tena.

Walimu wao wa zamani hawakukubaliana juu ya jambo moja. Wengine walisema vibanda vya jangwani vilikuwa vibanda kweli, vya miti na majani. Wengine walisema hapana, maana yake ni wingu la Mungu lililowafunika njiani. Mpaka leo mwanafunzi anafundishwa maneno yote mawili. Anayesikiliza hadithi za watu waliokimbia vita ataelewa kwa nini: mmoja anakumbuka baridi na mvua, mwingine anakumbuka mkono uliomlinda, na wote wawili walipita njia moja.

Sasa tuingie katika ujenzi. Sheria zake ni nyingi, na ndiyo sababu walimu wanaipenda kazi hii: inafundisha hesabu, vipimo na dini kwa pamoja. Kibanda kinahitaji kuta mbili kamili na ya tatu hata ikiwa kipande. Kisipite dhiraa 20 kwenda juu, yaani mita tisa au kumi hivi, wala kisiwe kifupi kiasi kwamba mtu hawezi kukaa ndani. Kuta zinaweza kuwa za kitu chochote kinachosimama mbele ya upepo wa kawaida: mbao, bati, matete, kitambaa kilichokazwa vizuri. Katika Talmudi, kitabu kikubwa cha mafundisho yao, wazee walijadili hata kama tembo aliyefungwa kamba anaweza kuhesabiwa kuwa ukuta. Waliona anafaa, mradi amefungwa asiondoke. Watoto hucheka sana wanapofika hapo, na kicheko hicho kinawafanya wasisahau sheria.

Shida iko kwenye paa. Ni lazima liwe la kitu kilichoota katika ardhi na kikakatwa: matawi, mianzi, matete, majani ya mtende. Bati halifai. Shitingi haifai. Kibanda kisiwe chini ya mti wala chini ya paa la nyumba, kwa hiyo baraza la shule halitumiki. Majani yawe mengi kiasi cha kuleta kivuli kupita jua, lakini inapendeza yasizibe kabisa, ili usiku mtu akitazama juu aone nyota. Wanafunzi wanaweka kuta kwanza, halafu paa. Kisha wanaingia ndani mchana na kutazama chini: je, kivuli ni kingi kuliko miali ya jua? Kama sivyo, wanaongeza matawi. Wakubwa wanabeba nguzo na kupima pembe, wadogo wanatundika matunda na michoro ndani. Hakuna anayebaki bila kazi, hata yule asiyeweza kupanda ngazi.

Tumezingatia paa kwa sababu kila msomaji wetu anajua maana ya paa. Shitingi ile ya UNHCR ingekubalika kuwa ukuta wa sukka, lakini ingekataliwa kuwa paa, kwa sababu si kitu kilichoota katika ardhi. Kumbe kile ambacho mama wa kambini anakitafuta usiku kucha, ndicho sheria hii inakikataza!

Hapa tunajua swali linalokuja. Mtu atauliza: hawa wanafunzi wana nyumba za matofali, wanajenga kibanda siku saba, wanaimba, halafu wanarudi kitandani. Je, si kama kuigiza taabu yetu? Swali hili ni la haki na hatutaki kulipita. Sheria yenyewe inalijua. Mvua ikinyesha mpaka kuharibu uji, mtu anaruhusiwa kutoka na kuingia nyumbani. Mgonjwa hafungwi na amri ya kukaa kibandani, wala wale wanaomhudumia. Msafiri aliye njiani naye anaachiliwa. Maana yake, kukaa katika kibanda cha majani ni ibada kwa yule mwenye pa kurudi. Haikuwekwa iwe mateso. Hakuna mahali katika mafundisho hayo panaposema kwamba ni vizuri mtu akae chini ya majani mwaka hata mwaka. Kiongozi yeyote wa dini atakayetumia Sikukuu ya Vibanda kuwaambia watu waliohama kwamba wavumilie tu kwa kuwa hata Waisraeli walivumilia, ameisoma vibaya. Mwanzoni mwa 2025, baada ya M23 kuteka mji wa Goma, kambi za kandokando ya mji zilivunjwa, na watu waliondoka na miti na shitingi zao mgongoni. Hilo halikuwa na sikukuu ndani yake.

Tena tusijifanye hatusikii redio. Mwaka 2023, vibanda vya sikukuu hiyo vilikuwa bado vimesimama Hamas ilipoishambulia Israeli tarehe 7 Oktoba, na katika vita vilivyofuata karibu watu wote wa Gaza walihama nyumba zao, wengi wakaishi katika mahema. Hatuandiki ukurasa huu kwa kuegemea upande mmoja. Tunaandika juu ya kazi ya watoto na juu ya kumbukumbu ya kukosa nyumba, ambayo haina kabila.

Turudi kibandani. Kuna desturi ya kukaribisha wageni saba, mmoja kwa kila siku: Ibrahimu, Isaka, Yakobo, Yosefu, Musa, Haruni na Daudi. Hawaonekani kwa macho, lakini wanatajwa kwa jina mlangoni. Watazameni vizuri watu hao. Ibrahimu aliacha nchi yake. Yakobo alimkimbia ndugu yake. Yosefu aliuzwa ugenini. Musa alikimbilia Midiani, na Daudi akajificha mapangoni. Ni meza ya wakimbizi. Na si wao peke yao wanaoalikwa: maskini lazima awe na sehemu yake katika chakula hicho, na Kumbukumbu la Torati linataja kwa wazi mgeni, yatima na mjane kati ya wale watakaofurahi. Mwanafunzi anayejenga sukka bila kufikiria atakaa na nani ndani yake, mwalimu wake atamwambia kazi haijaisha.

Kuna hadithi nyingine katika Talmudi ambayo tungependa viongozi wa ardhi waisikie. Huko Babeli, zaidi ya miaka 1600 iliyopita, watumishi wa mkuu wa Wayahudi walichukua mbao za mwanamke mmoja mzee, wakajenga nazo sukka. Mama huyo akaenda mbele ya mwalimu mkubwa aitwaye Rav Nahman, akapiga kelele kwamba mkuu na wazee wote wamekaa katika kibanda cha wizi. Rav Nahman hakumjali. Mama akalia kwa nguvu zaidi, akisema yeye ni binti wa Ibrahimu na hakuna anayemsikiliza. Mwishoni mwalimu alisema kwamba mama ana kelele nyingi, na kwamba haki yake ni bei ya mbao tu. Kibanda kisibomolewe.

Hukumu ile ilitoka katika kanuni ya zamani zaidi. Walimu waliuliza: mtu akiiba boriti na kuijenga ndani ya nyumba yake, afanye nini akitaka kutubu? Wafuasi wa Shamai walisema: abomoe nyumba yote na kurudisha boriti yenyewe. Wafuasi wa Hileli walisema: alipe bei yake, kwa sababu tukimlazimisha kubomoa nyumba nzima, mwizi hatakubali kamwe kutubu. Maneno ya Hileli ndiyo yaliyoshinda.

Sisi tunaona pande zote mbili zina uzito, na tunasema wazi kwamba kelele ya yule mama inatusumbua kuliko hukumu. Kanuni ya kulipa bei inafungua mlango wa amani. Lakini aliyeibiwa alipaswa kusikilizwa kwanza, kwa heshima, siyo kuitwa mwenye kelele. Katika Kivu tunajua kesi za namna hii: nyumba imevunjwa na mbao zake zimejenga nyumba ya jirani, au shamba la aliyekimbia limepandwa migomba ya mtu ambaye naye alikimbia kutoka mahali pengine. Mapatano ya 23 Machi 2009 kati ya serikali na CNDP yalitaja kamati za kudumu za upatanisho katika vijiji, ambazo wengi mnazijua kwa herufi CLPC. Kazi yao ngumu imekuwa hii hii: kitu kirudishwe chenyewe, au kilipwe? Na mjane anasikilizwa na nani? Wanafunzi wakubwa wakipewa kesi ya yule mama waiamue wao, darasa linagawanyika, na mjadala unakuwa mkali. Tunawashauri walimu wa shule za hapa kwetu waijaribu, bila kutaja kesi ya mtu yeyote wa kijijini.

Mtu asidhani habari hizi ni za mbali. Lubumbashi ina sinagogi tangu wakati wa Wabelgiji, iliyojengwa na Wayahudi ambao wengi wao walitoka kisiwa cha Rhodes. Jirani zetu wa Uganda wana jamii ya Wayahudi Waafrika, Abayudaya, wanaoishi karibu na Mbale. Ilianza mwaka 1919 na Semei Kakungulu. Idi Amin aliwakataza kufuata dini yao katika miaka ya 1970, na wengi waliiacha kwa hofu. Waliobaki walianzisha shule ambazo watoto wa Kiyahudi, wa Kikristo na wa Kiislamu wanasoma dawati moja. Mwaka 2004 wakulima wa dini hizo tatu waliungana katika ushirika wa kahawa, wakauita Mirembe Kawomera, yaani amani tamu. Waliuza kahawa yao mpaka Marekani. Watu wa eneo hilo hawakungoja wakubaliane juu ya sala ndipo wapande mibuni pamoja.

Sasa, viongozi na walimu, mtafanya nini na habari hii? Sikukuu yenyewe ni ya Wayahudi, na hatuwaombi muichukue. Wala msiwaambie watoto wanaolala chini ya shitingi wajenge kibanda kingine kwa mchezo. Wana vibanda vya kutosha. Mnachoweza kuazima ni namna ya kujenga: kitu kidogo, kinachomalizika kwa siku chache, chenye vipimo wanavyoamua wao, chenye kazi kwa kila mtoto, na ambacho ndani yake mgeni ana nafasi. Kivuli mahali wakina mama wanapopanga madumu ya maji kingefaa. Au kivuli cha kungojea mbele ya kituo cha afya. Vikundi vichanganye watoto wa waliohama na watoto wa wenyeji, na kipimo cha kwanza cha kazi kifanyike pamoja, kwa kamba moja. Mwenye kiwanja aulizwe kwanza, na shefu wa kartie au nyumba kumi ajulishwe. Miti isikatwe ndani ya Hifadhi ya Virunga. Watu wameumia kwa jambo hilo.

Baada ya siku saba sukka inavunjwa. Nguzo zinafungwa kwa kamba na kuwekwa kando kwa ajili ya mwaka ujao. Kama kivuli chenu nacho ni cha muda, kubalianeni mapema zitawekwa kwa nani. Na kabla mtoto hajachimba shimo la kwanza, mwalimu afungue daftari, aandike nani ametoa mti gani, na kama ameutoa bure au ameuazima tu.