Nilizania Iko na Ninyi

Mupenzi musomaji, umekwisha kufika ku maporomoko ya Lofoi? Muto unatembea polepole juu ya Kundelungu, kisha gafula unakosa udongo chini yake, na maji yanaanguka zaidi ya metre 340. Ni ndani ya parki ya taifa ya Kundelungu, iliyoanzishwa mwaka 1970, mu jimbo linaloitwa leo Haut-Katanga. Kama hujafika, siku moja uende. Lakini soma kwanza.

Sisi tulikwenda kule na korali, pamoja na wazazi, mwezi wa saba, wakati wa kiangazi. Miaka imepita. Safari ile ilituharibikia, na mumoja wa wenye kosa ni mimi ninayekuandikia.

Usizani tulikosa kujitayarisha. Tulikuwa na maji, mikate, sufuria ya sombe, dawa za kidonda. Mbele alitembea kiongozi, muzee anayejua kila jiwe la pale. Nyuma hatukuweka mutu. Wababa na vijana wakubwa walimufuata muzee, wamama walikuja nyuma na sufuria na wadogo, na nafasi katikati yao ilizidi kuwa kubwa. Mutoto mumoja, mwenye miaka 11, alikuwa anakimbia kutoka kwa baba yake mpaka kwa mama yake, kisha anarudi tena mbele. Tulimucheka. Hakuna aliyeona saa gani aliacha kukimbia.

Saa kumi na moja ya magaribi tulifika ku kamyo. Mama akatosha sahani ya mutoto wake.

“Baba, mutoto iko wapi?”

“Si alikuwa na ninyi?”

“Hapana. Nilizania iko na ninyi.”

Musomaji, kama wewe ni muzazi, sina haja ya kukueleza namna tulivyosikia mu tumbo. Mwezi wa saba jua linaingia karibu na saa kumi na mbili, na giza linafika mbio. Usiku kule juu baridi inashuka chini ya digri 10. Na mahali muto unapoangukia hakuna ukuta. Wote tuliwaza upande ule, hakuna aliyeutaja.

Kijana mumoja alitaka kuwasha moto mukubwa kusudi mutoto auone. Muzee akamukatalia: majani yamekauka, upepo upo, utamuchoma yule unayemutafuta. Kisha akatuuliza: “Mara ya mwisho mulihesabu watoto fasi gani?”

Tukanyamaza. Hatukuwahesabu hata mara moja.

Jambo hili linaniuma mpaka leo, kwa sababu kati ya wababa wale wawili walikuwa wamefanya kazi miaka mingi mu mine ya chini ya udongo. Wewe unayekaa mu kambi unajua desturi: mutu anayeshuka anatwaa taa na namba yake, na akipanda anairudisha. Namba moja ikikosekana, hakuna anayesema, “Pengine amepita njia ingine, yuko ku cité anakunywa munkoyo.” Wanauliza, na kama hakuna jibu wanashuka tena. Watu waliozoea kuhesabu taa hawakuhesabu watoto wao!

Tuliomba. Maombi yalikuwa mafupi, na mama wa mutoto aliomba akiwa amekwisha kuanza kutembea.

Muzee hakutupeleka mbali. Aliturudisha karibu na fasi tulipokula saa sita, akasema mutu aliyepotea anajizunguka tu. Miaka kisha, nilisoma kwamba wasomi wa Ujerumani walipima jambo hilo na kulitangaza mwaka 2009: watu waliotembea mu pori wakiona jua walishika njia ya kunyooka, lakini jua lilipofichwa na mawingu walizunguka, na wenyewe walizania wanakwenda mbele. Muzee wetu alilijua bila kusoma.

Saa mbili na nusu tukamukuta. Alikaa chini ya kichuguu, mikono ndani ya shimizi, sandali moja mapajani. Kamba yake ilikatika, akakaa kuitengeneza. Mama yake alipomushika, mutoto alisema neno moja tu: “Nilisikia munaimba. Nilizania munakuja.”

Kumbe tulikuwa tunaimba na kwenda zetu.

Fungua Luka sura ya pili, musomaji, kisha uisome polepole. Yosefu na Maria hawakuwa wazazi wabaya. Walitoka kumuabudu Mungu, kama walivyofanya kila mwaka. Walitembea siku muzima wakizania mutoto, mwenye miaka 12, yuko kati ya watu wa safari. Ni wingi wa ndugu na wajuani ndio uliowafanya wasiogope. Kama wangekuwa watatu peke yao njiani, wangemukosa mbele ya hatua kumi. Na angalia hesabu nyingine: walitembea siku moja bila kumuuliza, wakamupata kisha siku tatu.

Sasa tuseme habari ya kwetu, maana kupotea hakuhitaji Kundelungu. Kijana wa miaka 14 hayuko mu korali. Mwalimu wa korali anazani sauti imeanza kubadilika, anapata haya. Ku masomo wanazani anagonjwa. Baba anazani mama amemutuma kwa nkambo wake. Mama anazani baba anajua. Kumbe kijana anabeba mifuko ya mawe ku karyeri, na usiku analala kulekule. Mwezi wa sita mwaka 2019, udongo ulipoangukia wachimbaji kule Kolwezi, zaidi ya watu 40 walikufa. Najiuliza ni katika nyumba ngapi, siku ile, mutu alisema yale maneno yetu ya ku kamyo.

Na mimi sisemi kwamba umasikini si kitu. Wengine wanajua vizuri mutoto yuko wapi, na wanakula bukari anayoleta. Hiyo ni habari ingine, nayo ni nzito. Mimi nasema juu ya wale ambao hatujui kama wanakosekana, na huku tunaimba kwa nguvu.

Yule mutoto wa sandali leo ni baba wa watoto. Kila mara kanisa likifanya matembezi, anatembea nyuma ya wote, na hakuna aliyemupa kazi hiyo. Jumapili moja nilimukuta ku mulango, kisha ibada, akihesabu vijana wa korali kwa kidole. Alihesabu mara mbili. Kisha akauliza jina la mumoja, akaomba wamuonyeshe nyumba yao.