Simu ikitangulia kesho, deni la leo halifi!

Mjini wapo watu wanaoishi jana, na wapo wanaoishi leo. Lakini kuna simu zinazoishi mwakani! Usicheke. Kijana akiishiwa maisha kwenye gemu hufanyaje? Anasogeza tarehe ya simu mbele, gemu linadhani siku imepita, mchezo unaendelea. Ujanja wa mjini, au siyo?

Haya, sikiliza kasheshe lake. Pale Makambako, barabara ya Njombe na Songea inapokutana na ile kuu ya kwenda Zambia, namfahamu kijana mmoja anayeuza pembejeo. Madeni yote anayaandika kwenye programu ya simu. Mdogo wake akasogeza tarehe miaka miwili mbele ili acheze, akasahau kuirudisha. Siku hiyohiyo mama mmoja mkulima wa viazi kutoka Njombe akakopa mbolea mifuko miwili. Deni likaingia kwa tarehe ya mwaka ambao haujafika.

Kesho yake tarehe ikarekebishwa, kimya. Mama akauza viazi, akaja, akalipa zote. Mwezi uliofuata anataka mbolea tena, simu inasema anadaiwa! Nilikuwepo.

"Mwanangu, mimi mtu mzima, nilikuhesabia hapahapa mezani," mama akasema.

"Sikatai mama, ila simu ndiyo inayosema hivyo."

Watu wakaanza kujaa mlangoni. Heshima ya mtu mzima ikawa inapigwa mnada kwa sababu ya gemu!

Tulipoperuzi mpaka chini tukayakuta malipo yamejificha. Programu ile ilikuwa na akili moja tu: habari yenye tarehe ya mbele zaidi ndiyo ya kweli. Kwa hiyo deni likaonekana jipya kuliko malipo, likayafunika. Mama akaombwa radhi, akaondoka na mbolea yake.

Sasa nyie vijana mnaotunga programu, nisikilizeni. Tarehe ya mbele ikiingia, msigome kumhudumia mtu. Wala msiibadilishe kimyakimya. Iacheni ilivyo, wekeni alama, mumwulize mwenyewe: "Siku hii haijafika, una uhakika?" Halafu tunzeni pia zamu ambayo kila habari iliingia, deni lisiyaruke malipo. Ikipishana dakika mbili tatu, nyamazeni. Saa zote hupishana.

Wakongwe wa fani wanafanya hivyo. Git, inayotunza kazi za watunga programu, ikitakiwa kusema jambo lilitokea muda gani uliopita na ikakuta tarehe ya mbele, haizimiki. Inaandika tu kwamba ni la wakati ujao. Make nayo inaonya kwamba saa zimepishana na kazi huenda haikukamilika, kisha inasonga mbele.

Tena si kila saa ya mbele ni ya mjanja. Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja. Picha iliyopigwa stesheni ya TAZARA Makambako saa nne asubuhi, ikifunguliwa papo hapo kwenye mashine ya Zambia isiyojali tofauti hiyo, itaonekana imetoka saa moja mbele. Nani mwongo hapo? Hakuna!

Na kibao kinaweza kugeuka. Tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu, mashine zinazohesabu sekunde tangu 1970 kwa nafasi ya biti 32 zitajaa. Zisiporekebishwa, zitajikuta Desemba 1901. Hapo tarehe ya leo ndiyo itakayoonekana ya mbele!

Wewe mwenye simu, iache ichukue saa ya mtandao yenyewe. Na ukilipa deni, dai risiti ya karatasi. Karatasi haichezi gemu, bwana. Kazi kwako!