Makazi ya Wanyamapori (3): Nyika ya Masika Ndiyo Inayozaa

Habari za tembo kuvamia mashamba zinapotangazwa, kama zilivyotangazwa tena msimu huu, lawama huanzia kwa tembo na kuishia kwa askari wa wanyamapori. Chanzo hakitajwi. Malisho, maji na maficho, tuliyoyaeleza katika sehemu mbili zilizotangulia, hayapatikani mahali pamoja miezi yote ya mwaka. Hifadhi iliyowekewa mipaka kwa kutazama msimu mmoja humwacha mnyama bila makazi msimu unaofuata.

Serengeti inalithibitisha hilo kuliko mahali pengine popote. Hifadhi ya Taifa ilipotangazwa mwaka 1951, Ngorongoro ilikuwa ndani yake. Mwaka 1959 Ngorongoro ilitengwa, pamoja na sehemu kubwa ya nyika za mashariki. Wakati mpango huo ukijadiliwa, Bernhard Grzimek wa Frankfurt na mwanawe Michael walikuwa wakizunguka angani kwa ndege iliyopakwa milia ya pundamilia, wakihesabu nyumbu na kufuata nyayo zao. Waliona kwamba nyumbu wa masika walikuwa wakilisha nje ya mpaka uliopendekezwa. Michael alikufa ndege hiyo ilipoanguka Januari 1959, na kazi ile inastahili kufundishwa katika kila shule ya sekondari nchini. Tulichojifunza baadaye kuhusu udongo kimeipa uzito zaidi. Nyika zile za majani mafupi zimefunikwa na majivu ya volkano, na majani yake yana kalisi na fosforasi anazozihitaji jike anayenyonyesha. Huko ndiko nyumbu huzaa, karibu wote kwa pamoja, mwanzoni mwa mwaka. Lakini hakuna maji ya kudumu. Mvua ikikatika huondoka kwenda magharibi, kisha kaskazini hadi Mto Mara. Chanjo ya ng'ombe ilipouondoa ugonjwa wa sotoka miaka ya 1960, kundi lililokuwa na nyumbu kama 250,000 lilifikia milioni 1.3 hivi mwaka 1977. Ugonjwa uliondoka, na njia zilikuwa bado wazi.

Tarangire, iliyopewa hadhi ya hifadhi mwaka 1970, mambo yalikwenda kinyume. Mipaka yake inaulinda mto wa kiangazi, lakini nyika za uzazi ziko Simanjiro, katika ardhi ya vijiji. Nyika zilipoanza kulimwa na mapito kuzibwa, nyumbu wa huko walipungua kutoka makumi ya maelfu hadi maelfu machache, ingawa mto ulilindwa vizuri muda wote huo.

Wapo wanaosema kuwa ardhi ni ya watu kwanza, na kwamba kuwatengea wanyama njia ni kuwafukuza wafugaji. Hoja hiyo ina uchungu wa historia, maana Wamaasai walihamishwa Serengeti. Lakini ushahidi hauwageuzi wafugaji kuwa maadui wa nyumbu. Ng'ombe na nyumbu wamelisha pamoja Simanjiro vizazi kwa vizazi. Kinachofunga njia ni jembe na uzio. Kijiji kimoja cha huko, Terrat, kiliingia mkataba na kampuni za utalii: kinalipwa ili nyika isilimwe, na mifugo inaendelea kulisha. Kumlazimisha mfugaji ahame ni dhuluma. Kumgawia mwekezaji shamba katikati ya mapito ni dhuluma pia, kwa mnyama na kwa jirani atakayelala nje akifukuza tembo.

Kuhusu tembo, basi, mabati, pilipili na mabomu ya kishindo yatasaidia usiku mmoja mmoja. Kanuni za shoroba, yaani mapito ya wanyama, zipo tangu mwaka 2018, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 inakipa kijiji uwezo wa kupanga ardhi yake. Wajumbe wa mikutano mikuu ya vijiji, waulizeni wazee wanyama hupita wapi masika na wapi kiangazi, na njia hizo ziingizwe kwenye mpango kabla ya kugawa ekari ya kwanza.