Njia mbovu ina kanuni zake, waendeshaji pikipiki wazizingatie

MVUA ya masika inapoanza, barabara nyingi za mashambani hugeuka tope lisilopitika kwa gari. Pikipiki ndiyo humfikisha mgonjwa zahanatini na maziwa sokoni. Hata hivyo, aliyezoea lami hujikuta taabani anapoingia humo, kwani njia mbovu ina kanuni zake.

Kosa la kwanza ni kuketi kitako na kukaza mikono. Kwenye changarawe, gurudumu la mbele huchezacheza, na anayeng'ang'ania usukani hushindana nalo hadi akaanguka. Afikapo mahali pabaya, dereva asimame juu ya vikanyagio, akunje magoti, abane tangi kwa mapaja na kulegeza mikono. Hivyo uzito wake hutua chini, na miguu hupokea mitikisiko ambayo ingeumiza mgongo. Aliyebeba abiria hawezi kufanya hivyo kwa urahisi. Heri amteremshe, avuke kwa miguu.

La pili ni macho. Pikipiki huelekea yanakotazama macho ya dereva. Anayekodolea shimo hutumbukia humo. Tazama mbele, pale unapotaka kupita.

Breki nazo hutaka utaratibu. Ukikamata ya mbele kwa ghafla penye kokoto, gurudumu hujifunga na kuteleza. Tumia zote mbili taratibu, na upunguze mwendo kabla ya kuingia kwenye kona, si ndani yake. Mteremkoni, tia gia ya chini ili injini isaidie kuzuia kasi. Wapo wanaozima injini ili kuokoa petroli. Hao hujinyima msaada huo na kuachia breki kazi yote.

Kwenye mchanga, kama ule wa Turkana na Garissa, woga humfanya mtu apunguze mafuta ghafla, na gurudumu la mbele likazama. Tia gia ya chini, rudisha uzito nyuma kidogo, na uendelee kwa mwendo usiobadilika.

Hatari kubwa zaidi ni laga na mito. Mafuriko huweza kufika ghafla kutoka milimani kulikonyesha, ilhali hapo ulipo jua linawaka. Maji yakienda kwa kasi, usivuke, subiri yapungue. Yakiwa yametulia, kagua kina kwa miguu kwanza. Injini ikimeza maji na kuzimika, usijaribu kuiwasha kabla ya kuyaondoa, la sivyo itavunjika.

Yote haya hayaondoi haja ya mavazi. Sheria ya Trafiki nchini inamtaka dereva na abiria wavae helmeti na jaketi la kuakisi mwanga, na inaruhusu abiria mmoja tu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema helmeti iliyovaliwa ipasavyo huweza kupunguza hatari ya jeraha la ubongo kwa hadi asilimia 74. Iliyoning'inizwa usukanini haimwokoi mtu. Buti nazo hulinda kifundo cha mguu. Ndara hazifanyi hivyo.

Abiria pia ana wajibu. Anayemhimiza dereva akimbie kwenye utelezi huhatarisha maisha ya wote wawili. Asione haya kusema, "Nishushe, nitatembea hapa." Hatua hamsini matopeni ni nafuu kuliko miezi kadhaa hospitalini.