Samaki na Mchicha Darasani: Tuanze na Maji, Si na Samaki

Mwanachuo aendaye mazoezi ya kufundisha hupenda kubeba zana itakayowavuta wanafunzi tangu siku ya kwanza. Pipa lenye samaki chini na mchicha juu, maji yakizunguka kati ya viwili hivyo, ni zana ya namna hiyo. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuianzisha ndani ya darasa bila umeme, kwa vifaa vipatikanavyo mkoani Singida. Lakini kwanza sina budi kueleza jinsi nilivyoiharibu ya kwangu ya kwanza.

Nilikuwa mwanachuo kama wewe. Siku ya Jumatatu nilijaza maji pipa, nikatia vifaranga kumi vya perege, nikapanda miche ya mchicha katika kokoto. Jumatano nilifundisha, na mkufunzi aliyekuja kunikagua akasifu. Ijumaa asubuhi samaki saba walikuwa wakielea. Mtoto mmoja wa Darasa la Tano aliniuliza, "Mwalimu, tumewalisha kila siku, mbona wamekufa?" Nilimjibu kwamba huenda walichoshwa na safari. Halikuwa jibu la kweli, na la kweli sikuwa nalo. Walikufa kwa sababu tuliwalisha.

Samaki alapo hutoa amonia, sehemu kubwa ikipitia katika matamvua yake. Chakula kilichobaki nacho kikioza hutoa amonia. Sumu hii haina rangi. Maji yanayoua yaweza kuwa maangavu kama ya chemchemi, na ndiyo yaliyonidanganya. Kazi ya kuiondoa hufanywa na bakteria waishio juu ya kokoto. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu kwa samaki. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, nayo ni mbolea ya mmea, tena haimdhuru samaki ikiwa kwa kiasi cha kawaida. Bakteria hao huzaana polepole. Kokoto mpya huhitaji takriban wiki nne hadi sita ili makundi yote mawili yatoshe kazi. Mimi niliwapa siku chache tu.

Kwa hiyo anza na maji. Tafuta pipa la plastiki la lita 60 lisilopitisha mwanga, ambalo halijawahi kuwekwa dawa wala mafuta, ulitie maji lita 50. Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi kutwa na kucha kabla ya kuyatumia. Maji ya Ziwa Singidani au Kindai usiyachukue: wapo perege waliozoea maji ya chumvi, lakini mchicha hautayavumilia. Juu ya pipa, kwenye fremu imara ya mbao, weka beseni lililotobolewa matundu madogo kitakoni, ulijaze kokoto zenye ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Hapa mkoa wetu umebarikiwa. Miamba yake mingi ni ya matale, na kokoto za matale haziyeyuki majini. Kokoto zenye chokaa huyafanya maji kuwa ya alkali, na mimea hunyong'onyea. Kuzitambua ni rahisi: dondoshea maji ya limau juu ya kokoto kavu, ikitoa povu, itupe. Jaribio hilo peke yake latosha kipindi kizima cha sayansi. Zioshe kokoto mpaka vumbi liishe.

Kisha tia majini dagaa waliosagwa, kiasi cha ncha ya kijiko, kila baada ya siku mbili. Wataoza, na amonia itakayotoka itakuwa chakula cha bakteria. Ukiweza kupata kopo la kokoto zenye utelezi kutoka bwawa la samaki wenye afya, zichanganye na zako. Umepunguza siku za kungoja. Kila siku wanafunzi wachote maji pipani kwa kopo na kuyamimina juu ya beseni, asubuhi, saa sita na kabla ya kwenda nyumbani, kila mara makopo ishirini au zaidi. Maji yanapodondoka kurudi pipani huchukua hewa, na hewa hiyo inahitajiwa na bakteria sawasawa na samaki. Katika wiki ya tatu panda mchicha, au vipande vya matembele, ambavyo huota mizizi upesi.

Baada ya wiki ya tano tia samaki wawili tu. Kama shule ina karatasi za kupimia amonia na nitriti, zitumie kwanza. Kama haina, hao wawili ndio kipimo chako, na uwaambie wanafunzi hivyo waziwazi. Wakila vizuri kwa siku kumi, ongeza watatu. Watano wanatosha pipa hilo, hata darasa likitaka zaidi. Walishwe mara mbili kwa siku, kiasi wanachomaliza kwa dakika tano; pumba za mahindi, dagaa na mashudu ya alizeti yaliyosagwa vinafaa, ila kinachobaki kiopolewe. Perege hustawi katika joto la nyuzi 25 hadi 30. Usiku wa Juni na Julai kwetu ni wa baridi, basi lifunike pipa kwa magunia, na punguza chakula.

Sasa somo. Wanachuo wengi huweka pipa hili kama pambo, wakalieleza kwa dakika kumi. Afadhali weka kopo la pili lenye kokoto zile zile na mchicha wa umri ule ule, karibu na dirisha lile lile, ulinyweshe maji yaliyotoka pale pale ulikojazia pipa. Kitu kimoja tu ndicho kinachotofautiana. Wanafunzi wapime urefu wa majani kila Jumatatu na kuandika kwenye chati. Wiki zile za kungoja, ambazo pipa halina samaki, usizione kuwa zimepotea: mwulize mtoto kwa nini tunangoja, naye akuulize, na safari hii uwe na jibu.

Kuna jambo la maji ambalo mgeni wa mkoa huu hulisahau. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, na katika shule nyingi za vijijini mtoto huja asubuhi na kidumu chake. Pipa linalokwenda sawa huhitaji kuongezwa tu maji yaliyopotea kwa jua na majani. Pipa lililoharibika humwagwa lote, na ni maji yaliyobebwa na mtoto.

Jumamosi na Jumapili samaki waweza kukaa bila chakula, ila bila hewa hawawezi. Ninginiza juu ya beseni ndoo iliyotobolewa kwa sindano, idondoke taratibu, na mwanafunzi wa jirani aijaze kwa maji ya pipa asubuhi na jioni. Wakionekana wakihema juu ya maji, chota na umimine mara moja. Kabla ya likizo ndefu warudishe samaki kwa mfugaji uliyewapata kwake, usiwaachie ziwani, na umwombe mlinzi azimiminie kokoto maji kila siku, akitia na chembe ya dagaa, ili shule ikifunguliwa usianze tena wiki ya kwanza.