Kitambaa cha Spika na Masikio ya Askari

Kila kiangazi, kuanzia Desemba hadi karibu na Machi, vumbi jekundu la West Nile huingia kila mahali: katika mtutu wa bunduki, katika kikombe cha chai, katika sare iliyopigwa pasi usiku. Barabara kuu itokayo Arua kwenda Koboko ilitiwa lami katika miaka ya 2010, lakini njia za pembeni, viwanja vya gwaride na nyua za nyumba zetu nyingi zingali udongo mtupu. Na ipo sehemu moja ambayo hakuna sajini aikaguaye, nayo ni kitambaa kinachofunika uso wa spika nyumbani.

Jambo hili lilitufikia Koboko, kwa mzee mmoja, sajini mstaafu wa polisi. Mzee huyo alikuwa ameacha kusikiliza redio. Katika tangazo la mazishi ya mwenzake wa kikosini, msomaji alisema saa sita. Yeye akasikia saa tisa. Alipofika, kaburi lilikuwa limekwisha kufukiwa na watu wametawanyika, na wenzake wakadhani amefanya dharau. "Afande," alituambia, "masikio yangu yaliishia kwenye uwanja wa shabaha. Zamani hatukuyaziba."

Maneno hayo hatukuyapuuza, maana ni kweli kwamba mlio wa bunduki huharibu masikio, na huanza kwa kuiba sauti nyembamba. Hizo ndizo zinazobeba herufi kama s, f na sh. Sauti nene hubaki, basi mtu husikia kwamba watu wanasema lakini hapati wanalosema. Lakini tulipozitazama spika zake mbili, masanduku makubwa ya mbao, tuliona kitambaa kilichokuwa cheusi kimegeuka rangi ya matofali, na vumbi limeshikamana na mafuta ya moshi wa jikoni. Kitambaa safi cha spika hupitisha sauti karibu yote. Kilichoziba huzuia zaidi sauti nyembamba zile zile. Mzee alikuwa akiibiwa mara mbili.

Tulimwomba ruhusa tukavua kitambaa kimoja, cha pili tukakiacha, kisha tukafungua redio. Hii ndiyo njia ya kupima, wala haihitaji fundi. Mzee aliinamia spika moja, akainamia ya pili, akanyamaza.

Fremu nyingi hushikwa na vijiti vinne vilivyoingia katika matundu ya pembeni. Zima mashine kwanza, kisha vuta kwa vidole, pembe moja baada ya nyingine, bisibisi huvunja. Ikiwa kitambaa kimegundishwa au kupigiliwa misumari, usikibandue. Kisafishe hapo hapo kwa brashi kavu. Kilichovuliwa hupelekwa nje, kikapigwapigwa taratibu kwa nyuma, kikapitishwa brashi laini isiyowahi kuonja dawa ya viatu. Baada ya hapo maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, na sponji iliyokamuliwa. Kitambaa hukandamizwa, hakisuguliwi. Kisha hukaushwa kivulini mpaka kikauke kabisa.

Tunasisitiza neno kukauka kwa kuwa tuliwahi kukosea. Tulipokuwa maafisa wachanga, tumetoka chuo cha kadeti juzi tu, tuliloweka fremu za spika za mesi katika beseni usiku kucha. Fremu hizo zilikuwa za unga wa mbao ulioshindiliwa. Zikavimba, vijiti visiingie tena, na kitambaa kikalegea, kikawa kinatetemeka kila ngoma ikipigwa. Gharama ilikatwa katika mshahara wetu, na ilikuwa haki.

Petroli, mafuta ya taa na jiki visikaribie. Huyeyusha gundi au huondoa rangi. Zile spika za zamani zenye uso wa sponji zisioshwe, kwani sponji iliyozeeka huwa unga mkononi. Na ile karatasi ya ndani inayotikisika, pamoja na kile kikuba kidogo cha sauti nyembamba, visiguswe wala kupulizwa kwa pampu ya tairi.

Anayetaka kitambaa kipya akiweke mdomoni apulize: pumzi ikipita bila shida, na sauti itapita. Kitenge kizito hakifai. Tumeona hata spika zilizovishwa vitambaa vya meza vilivyotariziwa, zikipendeza kama bibi arusi, na hakuna neno linalosikika.

Vitambaa vya mzee vilikaushwa chini ya mwembe. Jioni alisikiliza habari mpaka mwisho, ingawa alituuliza mara mbili msomaji amesema nini. Hilo la pili halisafishwi kwa brashi. Tukakubaliana aende Arua, katika hospitali kuu ya mkoa, akapimwe masikio. Kabla ya hapo, alisema, atapita kwanza kwa mjane wa mwenzake amweleze juu ya saa sita na saa tisa.