MLEZI WA MTOTO NAYE HUFUNDWA

Ndugu msomaji, asubuhi unapomkabidhi mwanao kituoni, nawe ukashika njia ya kiwandani, ofisini au sokoni, je, umepata kujiuliza yule aliyempokea alifundwa kazi hiyo lini na kwa muda gani? Wazazi wengi hukagua ukuta, choo na uji. Ni vyema. Lakini mtoto hushinda na mtu, hashindi na ukuta.

Taifa letu halikulala katika jambo hili. Mwaka 1981 ilitungwa sheria ya vituo vya kulelea watoto wadogo mchana, na leo suala hilo limo katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Desemba 2021 ilizinduliwa programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, kwa watoto hadi miaka 8. Hata hivyo, sheria huweka masharti tu. Haimwonyeshi mlezi la kufanya pindi mtoto wa miaka miwili anapolia bila kukoma, na wenzake kumi wanangoja kulishwa.

Hilo hujulikana kwa mafunzo. Na hapa ndipo makosa hufanyika. Mara nyingi walezi hukusanywa ukumbini siku mbili, wakaandika, wakapewa cheti. Jumatatu wanarudi kwenye chumba kile kile, na mambo ni yale yale. Si kwamba ni wavivu. Waliambiwa tu, hawakuonyeshwa wala hawakufuatwa.

Pwani yetu ina mfano bora. Mpango wa shule za awali za madrasa, ulioanzia Mombasa katika miaka ya 1980, ukafika Zanzibar mwaka 1990 na baadaye Uganda, uliwachukua akina mama wa mitaa yenyewe. Walipewa mafunzo mafupi, kisha mkufunzi akawafuata madarasani mwao mara kwa mara, akiwaelekeza kazini. Vifaa vya kuchezea vilitengenezwa kwa vitu vilivyopatikana papo hapo.

Basi kituo kinachopanga mafunzo na kianzie chumbani. Kwanza, msimamizi akae na mlezi asubuhi nzima, aone kazi ilivyo, bila kugomba. Pili, wachague pamoja jambo moja la kurekebisha: kuzungumza na mtoto wakati wa kumlisha, au kumtuliza bila kiboko. Tatu, mwenye uzoefu aonyeshe, mlezi ajaribu, nao wazungumze watoto wakishaondoka. Likikamilika hilo, ndipo waanze jingine.

Mpango huo hauna budi kutengewa fedha na muda. Awepo wa kushika zamu ya mlezi aliye masomoni, wala asikatwe mshahara wa siku hiyo. Mlezi anayelipwa kidogo na kudharauliwa huondoka, na ujuzi wote huondoka naye. Mtoto huanza tena kuzoea sura ngeni.

Nawe mzazi una sehemu yako. Katika mkutano ujao wa kituo, usiulize ada peke yake. Uliza: mwaka huu walezi wetu watajifunza nini, nani atawafuata, na sisi tutachangia nini? Waswahili husema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wakati wewe uko kazini, anayemlea ni huyo.